Jina Hatukulitaja

Kabla ya hawa walikuja wengine, na mtaa haujasahau. Walikuja watu wa mizani, wakawaning'iniza watoto kama magunia ya viazi, wakaandika, wakaondoka. Wakaja watu wa minyoo. Wakaja watu wa macho, na hao waliacha fulana za njano ambazo mpaka leo mafundi gereji wanafutia grisi. Kila kundi lilibandika stika mlangoni kwa gundi isiyobanduka, na kila kundi liliapa litarudi na majibu. Mlango wa Fundi ulikuwa na stika zote, moja juu ya nyingine. Mteja mgeni akiuliza ni za nini, Fundi alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Hizo ni ahadi. Usizibandue, mlango utaanguka."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo mali yake. Alishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi katika chumba cha mbele, akaishi na binti yake katika chumba cha nyuma. Mume alishajiondokea, na habari zake Fundi hakuzitaka hata za bure. Binti alikuwa ameingia sekondari, mrefu ghafla, mpole, na mtaa mzima ulimwita Kifungo kwa sababu alipokuwa mdogo kila kifungo kilichoanguka sakafuni kiliishia mdomoni mwake. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo na kinavuja, kwa hiyo Kifungo alikuwa amehamishia godoro lake chini ya meza ya kukatia nguo, kule mbele. Mchana lilikunjwa na kusukumwa ukutani. Kila aliyeleta suruali kupunguzwa aliliona.

Sasa, na mdomo wake wote huo, alipokuja Dada Pole, Fundi alilegea.

Alikuja kwanza na zipu iliyoharibika. Binti wa watu, mwenye kitambulisho shingoni na viatu vya kutembea sana, akaketi kwenye benchi la wateja akangoja zamu yake bila kujiona. Alisema pole kwa kila kitu. Fundi akijichoma sindano, "pole sana". Umeme ukikatika, "pole jamani". Wiki haijaisha mtaa ulishampa jina. Alikuwa mtafiti msaidizi, akaeleza, katika utafiti wa afya ya vijana, mwili na akili pamoja: uzito, presha, usingizi, chakula, marafiki, na mambo ya moyoni.

"Mambo ya moyoni mtayapima na nini?" Fundi aliuliza. "Kuna kamba yake?"

Dada Pole alicheka mpaka akafuta macho. "Tunauliza tu, mama. Tunasikiliza."

"Na mkishasikia?"

"Itasaidia watoto wote."

"Sijauliza watoto wote. Nina mmoja."

"Huyo huyo mmoja, mama. Akiwa na shida tutaijua mapema. Na lolote atakalosema ni siri. Haitoki. Hata wewe hatukuambii."

Neno hilo ndilo lililomwingia Fundi. Kwa muda alikuwa anamwona Kifungo akichezea chakula pembeni mwa sahani, anamuuliza, anajibiwa "niko sawa, mama", na mambo yanaishia hapo. Aliwaza kwamba huenda mtoto ana la kusema ila halisemeki kwa mama. Basi amwambie mgeni, ili mradi litoke. Akaweka sahihi.

Kifungo ndiye aliyesita. Jioni ile alikuwa anachomoa uzi kwenye pindo la sare, akauliza bila kumtazama mama yake: "Nikisema, watamwambia nani?"

"Hawamwambii mtu."

"Wewe unajuaje?"

"Ameniapia. Sema ukweli wako wote, mwanangu. Hawa si watu wa mizani, hawa wanasikiliza."

Ni Fundi aliyesema hivyo. Si Dada Pole, si daktari, si karatasi. Mtoto alikuwa anasita mlangoni, na mama akamshika mkono akamwingiza.

Kifungo akaenda, akakaa na Dada Pole katika darasa tupu, akajibu. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na kadi ndogo ya kupiga simu bure "ukizidiwa na mawazo". Simu hakuwa nayo. Fundi aliiona kadi ile juu ya meza akadhani kila mtoto amepewa, akaitumia kunolea chaki ya kuchorea nguo. Usiku huo binti yake alikula akamaliza, na Fundi akamshukuru Mungu kwa ajili ya Dada Pole, akamtajia na jina.

*

Mkutano wa kurudisha majibu ulifanyika ukumbi wa shule, na watu walijaa kwa sababu safari hii kweli kuna waliorudi. Viti vya plastiki, soda, pazia jeupe mbele, na projekta iliyokuwa inakohoa. Wanafunzi walikaa upande wa madirishani, wazazi katikati. Fundi alikaa na jirani yake Mama Pacha, ambaye alikuja kwa ajili ya soda na hakuficha.

Mkuu wa utafiti, Daktari, alikuwa mtu wa sauti nzuri. Alionyesha nguzo za rangi: hawa hawalali vizuri, hawa wanaruka milo, hawa wana huzuni ya kudumu. Mama Pacha akanong'ona, "Mbona wa kwangu hawaruki mlo hata mmoja? Niwapeleke wakapimwe?" Fundi akacheka na pua.

"Lakini namba hazina sauti," Daktari akasema. "Hebu tumsikie mtoto mwenyewe. Jina hatulitaji, tumemwita Msichana A." Kwenye pazia yakatokea maneno, na Daktari akayasoma taratibu, kama mtu anayejua kusoma:

"Nalala chini ya meza ya kukatia nguo. Mchana mama anacheka na wateja, lakini mlango ukifungwa ananyamaza kabisa. Najua ni kwa sababu yangu, mimi ndiye mzigo. Huwa nasema nimeshiba ili chakula kibaki. Siku nyingine naomba nisiamke, mama apate kupumua."

Hakuna aliyemgeukia Fundi mara moja. Kichwa kimoja kwanza, cha mteja mmoja wa mapazia. Kisha kingine. Kisha safu nzima, polepole, na ile heshima mbaya ya watu wanaojifanya wanatafuta dirisha. Mkono wa Mama Pacha ukatua gotini pake. Upande wa wanafunzi kulikuwa na pengo: waliokaa karibu na Kifungo walikuwa wamesogea kidogo ili wamwone vizuri.

"Sauti kama hii," Daktari aliendelea, "inatufundisha mengi."

Fundi alikuwa amesikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na hakuwa na nafasi ya kuyapokea yote. La kwanza, mwanawe anaomba asiamke. La pili, mtaa umelijua hilo dakika ile ile aliyolijua yeye. Lingekuja la kwanza peke yake, angekimbia pale pale akamkumbatie. Lakini yalikuja pamoja, na lile la pili lilikuwa na meno makali zaidi. Alivuliwa nguo hadharani, yeye ambaye kazi yake ni kuvalisha watu.

Kwa hiyo mlango ulipofungwa nyuma yao, alisema alichosema.

"Umenianika!"

Kifungo alikuwa amesimama kando ya meza, begi bado mgongoni. "Wewe ndiye uliyeniambia niseme."

"Nilikuambia useme. Sikukuambia unitangaze!"

"Sikutangaza. Nilimwambia mtu mmoja." Sauti yake haikupanda. "Mmoja, mama. Na wewe uliniambia hamwambii mtu."

Fundi alipopata cha kusema, cha kusema nisamehe, cha kusema wewe si mzigo, binti alishaingia chumba cha nyuma, chenye kuvuja, akalala huko. Godoro la chini ya meza halikukunjuliwa tena.

Shuleni, mapumziko, wavulana walijilaza chini ya madawati wakaitana, "Jamani naomba nisiamke, kuna hesabu!" Mwalimu Mkuu alifoka, na kufoka kwake kukawafahamisha hata wale ambao hawakuwa mkutanoni. Dukani wateja walianza kusema kwa sauti ya msibani. Mmoja alimletea mchele bila kuulizwa. Mwingine aliyekuwa na gauni la harusi alilichukua kabla halijapigwa pasi, akasema "upumzike kidogo, mama". Kifungo alikuwa akitoka, akirudi, akijibu. "Niko sawa." Ukimuuliza umekula: "Nimekula." Ukimwambia njoo tuongee: "Nina homuwaki." Alikuwa na adabu kama mpangaji.

Fundi alimtafuta Dada Pole kule zahanati, kwenye vyumba viwili ambavyo utafiti ulikuwa umepewa. Alimkuta anapanga visanduku.

"Mama! Karibu. Pole na..."

"Usinipe pole. Nimekuja kuchukua neno la mwanangu."

"Neno gani, mama?"

"Lile mlilolianika kwenye pazia. Mlisema siri."

Dada Pole alikunja uso, na kweli alionekana ameumia. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Fundi zaidi. "Lakini mama, jina hatukulitaja. Popote. Hata kwenye tableti yuko kwa namba."

"Jina?" Fundi alisema. "Katika mtaa huu kuna meza ngapi za kukatia nguo zenye mtoto chini yake?"

"Sisi kanuni yetu ni jina."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa, na akaelewa kwamba hata wangekaa pale mpaka jioni wasingekutana. Kwao siri ilikuwa jina. Ukilikata jina, kilichobaki ni mali ya kazi, unaweza kukisoma kwa sauti nzuri. Kwa mwanawe siri ilikuwa lile neno lenyewe. Jina lake lilikuwa la kazi gani? Mtaa mzima ulikuwa unalijua. Angewapa bure.

"Na ulipomsikia mtoto anasema anaomba asiamke," akauliza, "wewe ulifanya nini?"

"Tulimpa kadi ya simu. Ndio utaratibu."

"Hana simu."

Dada Pole alitazama visanduku vyake. "Pole sana," akasema. Kisha akaeleza kwamba lile neno limeshaingia kwenye ripoti, ripoti imeshakwenda, na hairudi. Ila kuna habari njema: kutakuwa na awamu ya pili. Vikao vya kila wiki, watoto watafundishwa kupumua, kuchora, kuzungumza hisia zao. Kisha wataulizwa maswali yale yale, ionekane kama wamepata nafuu.

Fundi alirudi nyumbani amekata kauli. "Tunajitoa."

"Mimi naenda," Kifungo akasema.

"Baada ya walichokufanyia?"

"Nikijitoa watajua ni mimi."

"Si wanajua tayari?"

"Basi watajua zaidi."

Akaenda. Kila wiki akarudi na mchoro wa jua. Fundi alimwangalia akibandika majua yale ukutani kwa mpangilio mzuri, akawa hajui ashangilie au alie. Lakini mkono wake wa kazi ulikuwa unajua. Sketi ya sare ya Kifungo aliipunguza kiuno, na kabla muhula haujaisha ikawa inazunguka tena, akaipunguza tena. Mtoto alisimama akipimwa, mikono juu, macho kwa wapita njia.

"Unakonda, mwanangu."

"Narefuka."

"Niambie."

"Niko sawa, mama."

Siku moja Dada Pole akapita dukani, uso unang'aa. Hakuingia, alichungulia tu mlangoni kati ya stika. "Siwezi kusema, si unajua ni siri," akasema, akakonyeza. "Ila wewe mama furahi. Furahi tu!"

Fundi alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

*

Mkutano wa pili ulikuwa na soda na biskuti. Mama Pacha akasema, "Hawa wanapanda cheo." Nguzo za rangi zilikuwa zimefupishwa. Waliokuwa hawalali sasa wanalala. Walioruka milo wanakula. Daktari alitembea mbele ya pazia kama mtu anayetembeza gari jipya.

"Na Msichana A, mnamkumbuka? Kila swali ambalo safari ile alijibu ndiyo, safari hii amejibu hapana. Hapana kwa huzuni. Hapana kwa kukosa usingizi. Na lile swali la mwisho, lile zito, hapana! Hata uzito umepanda. Vikao vinafanya kazi. Tunataka kuvipeleka shule zote!"

Ukumbi ukapiga makofi. Watu walimgeukia Fundi tena, safari hii wazi wazi, wanatabasamu, wanampongeza kwa macho. Mteja wa gauni la harusi alimpungia.

Fundi akasimama.

Hakuwa amepanga. Miguu ilijisimamia. Maneno yote yalikuwa yamefika kooni yamejipanga: huyo hajapona. Mmemfundisha kunyamaza, na kunyamaza kwake mmekuita kupona, na sasa mnataka kulipeleka hilo shule zote. Alikuwa na sketi nyumbani ya kuwatupia usoni. Mwalimu Mkuu akaleta maikrofoni mwenyewe, kwa furaha, maana alidhani ni shukrani.

"Mzazi anataka kusema. Karibu, mama."

Akaishika. Ikapiga mluzi. Na kupitia mluzi ule akamwona binti yake upande wa madirisha.

Kifungo hakutikisa kichwa. Hakufanya ishara. Alimtazama tu mama yake jinsi mtu anavyotazama gari linalokuja, akipima kama litasimama. Fundi akaelewa kwamba kila neno aliloshika lilikuwa kweli, na kila moja lilikuwa la mtoto. Akilisema, Daktari ataaibika, ndiyo. Lakini mtaa utaambiwa kwa mara ya pili, safari hii kwa mdomo wa mama, kwamba yule wa chini ya meza bado anaomba asiamke. Na jina hatalitaja, vilevile.

Ukumbi ulikuwa unangoja. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, tayari kupokea.

"Nilitaka kuuliza," Fundi akasema, "kama hizo biskuti zina maji ya kusindikizia. Zimekauka kama mbao."

Kicheko kilivunja ukumbi. Mwalimu Mkuu alichukua maikrofoni yake haraka, amekasirika. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Huyu mama hana shukrani, jamani, mtoto kaponywa bure!" Fundi akaketi. Alijikaza, akaiuma midomo yake yote miwili. Mbele pale uongo ulikuwa unapigiwa makofi, na kesho utapanda gari kwenda shule nyingine, kwa watoto wengine wenye mama wengine watakaowaambia semeni ukweli wote. Na yeye aliuacha ukapita. Hilo halikumtoka, na halijamtoka.

Siku zote hizi wakitoka mahali Kifungo alikuwa anatangulia. Leo alitembea ubavuni. Walipita gereji, wakaufikia ukuta mrefu wa ghala.

"Ulitaka kusema nini pale?"

"Si umesikia. Biskuti."

"Mama."

"Sikusema," Fundi akasema. "Kwa hiyo hakuna nilichotaka kusema."

Kifungo akahamia upande wa ukuta.

"Zile hapana," Kifungo akasema, "ni za uongo."

Fundi hakugeuka. Aliogopa kugeuka, kama mtu ambaye ndege ametua karibu na mguu wake. "Najua."

"Na mizani, nilikunywa maji. Jagi zima."

"Hilo sikulijua."

"Nilikaribia kutapika juu ya Dada Pole."

"Ungetapika tu."

Mtoto akacheka kidogo, pumzi tu, ikaisha. Fundi alikuwa na swali moja, na lilikuwa la mtu mwingine, limeshaulizwa kwenye tableti na kusomwa ukumbini mpaka likachakaa. Hakuwa na jingine.

"Na lile la mwisho, mwanangu?"

Kifungo alitembea akiburuta vidole ukutani mwa ghala. Ukuta ukaisha.

"Hilo hasa," akasema.

Fundi alimshika mkono, hakusema wewe si mzigo, wala nisamehe. Hayo yangekuja. Njia ya dukani ilikuwa kulia. Yeye akakata kushoto, kuelekea zahanati, mlango wa mbele wa watu wote, ambako kulikuwa na nesi mtu mzima aliyemzalisha Fundi siku Kifungo anazaliwa, na benchi, na foleni. Kifungo aliona wanakoelekea, na mkono ukawa mzito, ukavuta kidogo nyuma.

"Utakaa mlangoni mimi nikiongea?"

"Ukitaka nitakaa barabarani."

Mkono ukalegea, wakaenda.

Nyuma yao honi ikalia. Lilikuwa gari la utafiti, viti vya plastiki vimefungwa juu, bango limekunjwa nyuma. Dada Pole alikuwa dirishani, mkono nje, anawapungia kwa nguvu, uso umejaa upendo wa kweli. Gari likapunguza mwendo.

Kifungo akainua mkono. Akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, lenye meno, akapunga.

"Usimpungie huyo," Fundi akasema, meno yakiwa yamefungwa.

"Nisipopunga atashuka," Kifungo akajibu, bado anatabasamu, "aanze kuniuliza."